Je, ni lazima niuze duka ili nimpate Mungu? Jibu kuhusu zuhudi na haki za watu

"Assalamu alaykum, ustadh. Nina umri wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, na mama yangu mzazi anaishi nami. Kwa miaka mingi nimekuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwa ubia na rafiki yangu, ambaye alifariki ghafla miezi minane iliyopita akaacha mjane na watoto wawili wadogo. Tangu siku tuliyomzika, biashara imenitoka moyoni. Kila mfuko wa saruji ninaouza nauona upuuzi. Nimekuwa nikisikiliza mawaidha kuhusu Ibrahim bin Adham aliyeacha ufalme na Sayyidna Abubakar aliyetoa mali yake yote, na naona hata watawa wa Kikatoliki wa Ndanda na Peramiho wanaacha kila kitu kwa ajili ya Mungu. Nimeamua kuuza duka, kutoa fedha zote sadaka na kuhamia shambani nikae na ibada tu. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa, na kaka zangu wanasema ni uvivu. Kusema kweli usiku silali vizuri, chakula sikitamani, na hata swala naiswali kwa kujivuta, ila nadhani ni kwa sababu dunia bado imenishika. Je, nikibaki dukani ninamkimbia Mungu? Na je, nimwambie mke wangu siku ya kuondoka, au nitangulie kwanza?"

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzio, awalinde wanawe, na akupe wewe subira ya kuubeba msiba huu. Umemzika mtu uliyefungua naye mlango wa duka kila asubuhi kwa miaka, na kaburi lake limekuuliza swali ambalo hukuwahi kuulizwa: haya yote ninayokusanya ni ya nini? Swali hilo ni zito na ni la haki, na anayeulizwa nalo asiitwe mvivu wala aliyechanganyikiwa. Hata hivyo, kuulizwa swali la haki hakumaanishi kwamba jibu la kwanza linalokujia ndilo sahihi, na mimi nakuomba usiuze duka hilo kwa sasa. Nitakueleza sababu zangu bila haraka, kwa kuwa jambo lenyewe linastahili.

Unachokitafuta wanazuoni wetu wanakiita zuhudi, yaani kuipa dunia kisogo, na watu wengi wanadhani hapo pana hesabu ya vitu: mwenye vingi yuko mbali na Mungu, asiye na kitu yuko karibu. Qur'ani inalitazama jambo hili kwa namna nyingine. Katika Suratul Hadid, aya ya 23, makusudio yaliyotajwa ni kwamba tusihuzunike kwa kilichotupotea wala tusijivunie kile tulichopewa. Imamu Ahmad bin Hanbal alipoulizwa kama mtu mwenye dinari elfu moja anaweza kuwa mwenye zuhudi, inapokewa kwamba alijibu kuwa anaweza, kwa sharti kwamba zikiongezeka asifurahi na zikipungua asihuzunike. Mtazame mweka hazina wa msikiti anapohesabu sadaka za Ijumaa: mikono yake imejaa noti, lakini moyo wake haupandi wala haushuki, kwa kuwa anajua si zake na kwamba ataulizwa kila shilingi ilikokwenda. Zuhudi ni mtu kufikia kuiona mali yake mwenyewe kwa jicho hilohilo, na mtu hafiki huko kwa kuuza stoo katika juma moja.

Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa kale, ambaye katika *Ihya*, kitabu chake mashuhuri, ameweka sehemu nzima juu ya ufukara na zuhudi, anasema jambo ambalo nataka ulitafakari sana. Anasema kwamba anayeichukia dunia bado ameshughulishwa nayo, sawa na anayeipenda, kwa sababu wote wawili mioyo yao imeelekea huko. Daraja iliyo juu zaidi ni ya yule ambaye kuwepo kwa mali na kutokuwepo kwake ni sawa kwake. Mfano anaoutoa ni wa Bibi Aisha, ambaye siku moja akiwa amefunga aliletewa dirhamu laki moja, naye akazigawa zote kabla ya jua kutua. Mtumishi wake akamwambia kwamba angeweza kubakiza dirhamu moja ya kununulia nyama ya kufuturu, naye akamjibu kuwa kama angemkumbusha, angefanya hivyo. Hakukasirishwa na zile fedha wala hakuzikimbia. Zilipita mikononi mwake, na aliyekumbuka nyama alikuwa mtumishi. Sasa linganisha na hali yako, ndugu yangu, ambaye kila mfuko wa saruji unakuchoma. Huo bado ni mshiko wa dunia. Umebadilika sura tu, kutoka mapenzi kuwa kinyongo, na kinyongo hicho kinaweza kukufuata hadi shambani kikakaa nawe chini ya mnazi.

Hiyo mifano uliyoitaja, nadhani hukusimuliwa yote. Habari za ufalme wa Ibrahim bin Adham kule Balkh zina mengi yaliyoongezwa na wasimulizi, lakini linalojulikana vizuri ni maisha yake ya baadaye katika nchi ya Sham, yaani Syria na jirani zake, ambako alikuwa akivuna mashamba ya watu na kulinda bustani ili ale jasho lake. Aliacha fahari, hakuacha kazi. Sayyidna Abubakar ni kweli alileta mali yake yote mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na alipoulizwa amewaachia nini watu wake akasema amewaachia Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Lakini Ka'b bin Malik, sahaba mwingine, alipotaka kutoa mali yake yote kwa furaha ya kukubaliwa toba yake baada ya vita vya Tabuk, aliambiwa na Mtume huyohuyo abakishe sehemu, kwani hilo ni bora kwake, naye akabakisha fungu lake la Khaybar. Kwa nini mmoja alikubaliwa na mwingine akazuiwa? Wanazuoni wanaeleza kwamba inategemea subira ya mtoaji na ya watu wa nyumbani kwake, na kama ana njia ya kuendelea kujitegemea. Abubakar alikuwa mfanyabiashara kabla ya kutoa na akaendelea kuwa mfanyabiashara baada ya kutoa. Hata alipochaguliwa kuwa khalifa mwaka 632 alionekana amebeba nguo anakwenda sokoni kuuza, mpaka masahaba wakamwekea posho ili ayashughulikie mambo ya Waislamu.

Na Mtume mwenyewe, ambaye alifariki deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita, ikiwa rehani kwa shayiri ya kuwalisha watu wake, imesimuliwa na Sayyidna Umar kwamba alikuwa akiwawekea wakeze chakula cha mwaka mzima kutokana na mitende iliyokuwa ya Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina. Sioni mgongano katika habari hizo mbili. Kwa nafsi yake aliridhika na kidogo, na kwa wanaomtegemea alifanya maandalizi.

Kuhusu watawa wa Ndanda na Peramiho, njia yao si yetu, maana Qur'ani katika sura hiyohiyo ya Hadid, aya ya 27, inaitaja rahbaniya, yaani utawa, kuwa ni jambo ambalo wafuasi wa Nabii Isa walilianzisha wenyewe bila kuandikiwa. Lakini kwa kuwa umewafanya kielelezo, watazame kwa makini. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 643, inabatilisha kupokelewa utawani kwa mtu ambaye ndoa yake ingalipo, na inayofuata inataka asipokelewe mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Tena Wabenedikto hao wanaendesha hospitali, mashamba na viwanda vya uchapaji, na mtu hukaa miaka akijaribiwa kabla ya kuweka nadhiri za daima. Ungebisha hodi kwao leo na hali yako hii, wangekurudisha nyumbani kwa mkeo.

Kisa ninachotaka ukae nacho zaidi kimo katika *Sahih Bukhari*. Salman Mfarisi alikwenda kumtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta Ummu Dardaa, mke wa mwenyeji, amevaa mavazi duni ya mtu aliyeacha kujitunza. Akamuuliza ana nini, naye akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Tazama jibu lilivyo: halina matusi wala halina kelele, lakini Salman alilielewa mara moja, kwamba zuhudi ya mume ilikuwa imehesabiwa juu ya mwili wa mke. Abu Dardaa alipofika na kuandaa chakula akasema yeye amefunga, na Salman akakataa kula mpaka naye ale, basi akala. Usiku Abu Dardaa akataka kuamka aswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akaambiwa alale. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwambia sasa inuka, wakaswali pamoja, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume alisema: Salman amesema kweli. Hapa aliyekosolewa ni sahaba mtukufu, na kilichokosolewa ni ibada yenyewe ilipokula haki ya mtu mwingine.

Na hapo ndipo lilipo tatizo kubwa zaidi katika uamuzi wako, ambalo nashangaa kwamba katika barua yako umelipita kwa sentensi moja. Duka hilo si lako peke yako. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ubia huvunjika mmoja wa wabia anapofariki, na sehemu yake inahamia kwa warithi wake tangu siku hiyo, pamoja na haki yao katika kile ambacho mali yao imezalisha baada yake. Kwa hiyo, kwa muda wa miezi minane umekuwa ukiuza mali ambayo sehemu yake ni ya mayatima wawili na mama yao, na ukiiuza yote ukatoa sadaka, utakuwa umetoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kitu ambacho Yeye mwenyewe amekiwekea onyo kali katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Sikutuhumu kwa ubaya wowote. Naamini ni huzuni iliyokufunga macho. Mtu anaweza kuacha kilicho chake tu.

Kazi ya kufanya ni hii, na ningependa uianze juma hili. Funga duka siku moja au mbili, mhesabu mali yote mkiwa na mtu anayeaminiwa na familia ya marehemu: nondo, mabati, saruji, rangi, hata misumari iliyomo katika makopo. Toa daftari la madeni, uandike upya nani anadaiwa na ninyi na nani anawadai, hasa mzigo mliochukua kwa mali kauli kutoka kwa wauzaji wa jumla, kwa sababu madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Kama familia haijateua msimamizi wa mirathi, wasaidie wafungue shauri katika Mahakama ya Mwanzo, na baada ya hapo sehemu ya marehemu igawanywe kwa sheria: mjane ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa mumewe ameacha watoto, wazazi wa marehemu kama wako hai kila mmoja ana sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki ni cha watoto ikiwa kati yao yumo wa kiume. Inawezekana familia ikapendelea kuacha fungu lao dukani kwa ubia mpya ulioandikwa, wapate faida kila mwezi kuliko kupewa fedha taslimu ambazo ndugu watazimaliza. Ikiwa hivyo ndivyo watakavyoamua, fikiri vizuri kabla ya kukataa. Huenda ibada yako kubwa kwa mwaka huu ni kuuza saruji kwa uaminifu ili watoto wa mwenzio wasome.

Sasa nije kwenye jambo uliloliandika kama la pembeni, nalo limenitia wasiwasi. Hulali vizuri, hutamani chakula, na swala unaiswali kwa kujivuta. Wewe umelitafsiri kuwa ni dunia kukushika, lakini waliofikia zuhudi wanatusimulia kinyume chake: mali ilipopungua uzito moyoni mwao, ibada iliongezeka utamu, na walikuwa wapole zaidi kwa watu wa nyumbani. Mtu anayepoteza ladha ya kila kitu kwa pamoja, cha dunia na cha akhera, yamkini ni mgonjwa wa huzuni, na sonona ni maradhi yenye tiba kama yalivyo maradhi ya tumbo. Ghazali mwenyewe yalimfika. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad, ulimi wake ulizuilika akashindwa kusomesha, na chakula kikawa hakimpiti. Ameeleza kwamba aliangaliwa na matabibu, nao wakasema chanzo kimo moyoni. Kisha aliondoka kweli, akaenda Damascus, Jerusalem na Hijazi, na watu wengi wanaishia hapo wanapokisimulia kisa chake. Lakini kabla ya kuondoka alitenga riziki ya watoto wake ndipo akagawa kilichozidi, na anasema wazi kwamba wito wa watoto ndio uliomrudisha nyumbani. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, mara hii Nishapur. Alichokuwa amekiacha kwa dhati ni kutafuta jina na cheo kwa elimu yake.

Kwa hiyo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uombe kuonana na daktari wa afya ya akili, umweleze usingizi, chakula na muda ambao hali hii imedumu. Usione haya, na usingoje kumaliza hesabu za duka. Ikiwa imekuwa ikikujia fikra kwamba bora ufe, au kwamba watu wako wangekuwa na nafuu bila wewe, nenda leo hii na umchukue mkeo au kaka yako mmoja afuatane nawe. Uamuzi wa kuuza njia ya riziki usifanywe na mtu asiyelala usiku. Mpe nafsi yako muda wa matibabu kwanza, na kama baada ya kupona hamu ya kupunguza dunia ingalipo, utajua kwamba haikutoka kwenye maradhi.

Hamu hiyo ikibaki, usiipuuze, kwa sababu sitaki ubaki na fikra kwamba nimekurudisha kwenye biashara kama ilivyokuwa. Waswahili tumeachiwa na Sayyid Abdallah bin Ali wa Pate utenzi wa *Al-Inkishafi*, ambamo anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Yapo mambo ambayo ni lazima yabadilike. Qur'ani katika Suratun Nur, aya ya 37, inawasifu watu ambao biashara na uuzaji haviwashughulishi wakaacha kumkumbuka Mwenyezi Mungu, na ona kwamba sifa hiyo wamepewa watu wenye biashara. Anzia hapohapo kaunta. Adhana ya adhuhuri inapoadhiniwa na mteja bado anavutana nawe bei ya nondo, mwambie kwa upole kwamba utarudi, kisha funga. Mara ya kwanza utahisi fedha inakuponyoka, na hisia hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta uitibu. Ikirudiwa kila siku, moyo hujifunza kwamba mteja akiondoka hukufa. Funga duka kabla ya magharibi. Kataa kufungua tawi la pili kama shauku yake ni kushindana tu. Ukishatoa zaka, weka fungu maalumu la faida lisilopita mikononi mwako kwa muda mrefu, liende kwa wenye haja bila jina lako. Funga siku nyeupe za kila mwezi, tarehe 13, 14 na 15 za Hijria, afya yako ikikuruhusu. Na kumi la mwisho la Ramadhani kaa itikafu, yaani ujitenge msikitini kwa ibada, baada ya kupanga na mkeo nani atasimamia duka na nani atamhudumia mama. Uislamu umekupa faragha yenye mwanzo na mwisho, ambayo ndani yake mtu huachana na dunia kweli kisha akarudi kwa watu wake akiwa mwepesi zaidi.

Shamba pia si haramu. Mjane akishapata haki yake, madeni yakishalipwa, na ukiwa na kipato kitakachowalisha mke, watoto na mama huko mtakakokwenda, mnaweza kuhama mkaishi kwa kidogo, na huenda likawa jambo jema sana. Safari hiyo ni ya familia nzima, kwa hiyo wakubaliane nayo, nami nisingeifikiria kabla ya mwaka kupita. Tafuta sheikh wa mtaani kwenu anayekujua, mtu mzima aliyeoa na kulea, uwe unaonana naye ana kwa ana, kwa kuwa mawaidha ya kusikiliza kwenye simu hayaoni uso wako. Na ukikutana na mtu anayekuambia kwamba zuhudi yako itakamilika utakapomkabidhi yeye fedha za duka, ondoka mbele yake.

Umeuliza mwisho kama umwambie mkeo siku ya kuondoka au utangulie. Hapana, ndugu yangu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Imepokewa katika *Sunan Abi Dawud* kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwatelekeza wale anaowalisha, na kuamka asubuhi kukuta mume ameondoka kwa ajili ya ibada ni kutelekezwa, hata kama ameacha barua yenye aya. Zungumza naye usiku huu, watoto wakishalala, na usianze na shamba. Anza na rafiki yako. Mwambie unavyomkumbuka, mwambie hulali, mwambie unaogopa kufa ukiwa hujamjua Mola wako, kisha umwombe afuatane nawe kwenda kwa yule mjane na daftari la duka mkononi, kwa sababu mjane atakuwa na nafasi ya kusema mengi zaidi mbele ya mwanamke mwenziwe.